Kiwanja Namba Saba

Wanangu mlioingia kazi ya ukarani na ya kuandikia magazeti, mmeniuliza mara nyingi jinsi habari za mji zilivyokusanywa wakati wa Mjerumani. Nimewajibu vipande vipande, leo juu ya wino, kesho juu ya mbuzi, nanyi mmecheka mkaenda zenu. Sasa nimeacha kazi na nina nafasi ya kukaa mezani. Nitawaandikia yale mliyoyacheka, pamoja na moja ambalo sijapata kuwaambia.

Kazi yangu ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza nilikuwa karani wa matangazo katika boma la Morogoro. Amri ikitoka kwa bwana shauri, Mjerumani mkuu wa wilaya, mimi niliitia katika Kiswahili, niliinakili kwa hati ya kusomeka, niliibandika ubaoni, kisha nilimpa mpiga mbiu aitangaze sokoni. Pili, kila mwisho wa mwezi niliandika barua ya habari za mji wetu kwa gazeti la Kiswahili lililopigwa chapa pwani. Humo nilieleza nani amefungua duka, daraja gani limechukuliwa na maji, gari la moshi limechelewa wapi, mvua imeanza lini milimani. Barua iliondoka kwa gari la moshi, na gazeti lilirudi kwa gari la moshi. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, na mji mzima ulijiona umeandikwa. Msidharau furaha ile. Mtu aliyefungua kiduka cha chumvi na utambi Mwembesongo aliweza kukata jina lake gazetini akalihifadhi ndani ya msahafu.

Gundi ya matangazo tulitengeneza wenyewe. Unatia unga wa muhogo katika maji moto na kukoroga mpaka uvute. Ilikuwa gundi nzuri, lakini mbuzi wa mji waliipenda kuliko sisi. Tangazo la kwanza nililobandika kwa mkono wangu lilikataza watu kuachia mbuzi barabarani. Kufika saa nne lilikuwa limeliwa nusu, na mbuzi mwenyewe amesimama pale anatafuna amri ya serikali. Askari alitaka kumfukuza. Masanja, mpiga mbiu wetu, akamzuia.

"Mwache, bwana. Tangu asubuhi huyu ndiye wa kwanza kulisoma hata akafika katikati."

Toka siku ile nilitia pilipili katika gundi. Huo ni ujuzi wangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu.

Masanja alikuwa Mnyamwezi. Alifika Morogoro na misafara, mzigo kichwani, na reli ilipomnyang'anya mizigo akabaki mjini na sauti yake. Alikuwa na pembe ya kuro iliyosikika mpaka ng'ambo ya mto. Aibu yake ilikuwa moja tu, kwamba hakuweza kutangaza neno bila kuliongeza chumvi. Tangazo lile la mbuzi nilimwandikia kwamba mwenye mbuzi atatozwa faini. Yeye akasimama sokoni akalia, "Mbuzi atakayeonekana barabarani atafungwa!" Kesho yake akaja mzee mmoja kutoka milimani na mbuzi wawili kwenye kamba. Akamwambia askari wa zamu, kwa heshima kabisa, "Hawa walipita barabarani jana kabla sijasikia amri. Nimewaleta mwenyewe. Gereza lao liko wapi, nami niwe nawaletea majani saa ngapi?"

Boma zima lilicheka, mimi sikucheka. Nilikuwa kijana mwenye kujifunza mambo peke yangu, na watu wa namna hiyo hupenda sana utaratibu kwa kuwa wameupata kwa shida. Kijerumani nilijifunza kwa kusoma ratiba ya gari la moshi, maandishi ya mapipa ya saruji na kitabu cha sarufi kilichokosa mwanzo na mwisho. Kupima ardhi nilijifunza kwa kuhesabu hatua zangu kutoka stesheni hadi boma, kila siku, mpaka nikajua hatua yangu ni ndefu kiasi gani kwenye tambarare na inapungua kiasi gani kwenye mlima. Basi nikamkalisha Masanja chini. Nikamsomea tangazo mara tatu, nikamtaka alirudie kama mtoto wa chuoni, bila kupunguza na bila kuongeza. Ikawa ndiyo desturi. Baada ya mwezi mmoja hakuongeza hata neno, nami nikajisifu kwamba nimemnyoosha.

Aliyeninyoosha mimi alikuwa Mwalimu Sefu, karani mkuu, mtu wa Pangani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikaa meza ya pili kutoka kwa bwana shauri na alikijua Kijerumani vizuri kuliko Wajerumani wengine. Kila habari niliyotaka kuipeleka gazetini ilipita kwanza chini ya miwani ile. Mara moja nilimletea habari kwamba chui ameingia nyumbani mwa fundi wa reli huko Mikese.

"Nani alimwona?" akauliza.

"Watu wa stesheni, mwalimu."

"Watu wa stesheni wana majina?"

Nikapanda gari la moshi nikaenda kuuliza. Chui alikuwa ngozi, imetundikwa ukutani ikauke. Nilirudi kichwa chini, naye hakunigombeza. Alisema tu, "Jambo likikujia, muulize mwenye jambo, kisha jirani yake, kisha mtu asiyempenda. Wakikubaliana hao watatu, andika. Wakipingana, nunua viatu vipya, kazi bado."

Kanuni hiyo nawapeni kama nilivyopewa, na mimi mwenyewe niliishika miaka mingi. Siku moja niliiacha.

Mji ulikuwa unapanuka. Tangu reli ifike, wafanyabiashara walitaka maghala karibu na stesheni, na soko la zamani lilikuwa halitoshi. Ukaja mpango wa mji. Barabara zingenyooshwa, soko lingehamishwa, na kando ya mto ingepatikana nafasi ya maghala. Akaletwa Mjerumani mpimaji, na darubini yake ya miguu mitatu na mnyororo wa kupimia. Mimi nikachaguliwa kufuatana naye, kwa sababu nilijua lugha na nilijua kusoma pembe za darubini. Nilikuwa karani mweusi wa pekee pale mjini aliyejua kusoma pembe. Nawaambia hivyo mwelewe nilivyokuwa nimevimba kichwa.

Kila kiwanja kilikuwa na mstari wake katika karatasi: namba, ukubwa, mazao, mwenyewe. Sheria ya wakati ule ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali. Kwa hiyo safu ile ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzito. Viwanja vingi vya kwanza vilikuwa vya watu waliokuja mjini kwa biashara. Nikiuliza, "Chako?" walijibu, "Changu," hata kabla sijamaliza kuuliza. Kazi ilikwenda upesi. Mpimaji alifurahi, na asubuhi ile alinisifu mbele ya wabeba mnyororo kwa jinsi nilivyosoma pembe.

Namba saba lilikuwa shamba la bondeni, kando ya mto, lenye mahindi na ndizi, na kichaka kidogo cha miti ya zamani kwenye pembe ya juu. Mzee Lukwele alikuwa anapalilia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Huyo mzungu wako na kofia yote ile, hapati joto?"

"Amezoea. Mzee, shamba hili ni lako?"

Akacheka, kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu mbele ya wageni. "Langu mimi? Mimi nimeoa hapa, mwanangu. Si langu."

"Na mkeo, Bi Zena mwenyewe, yuko wapi?"

"Amepanda kwa kaka yake, kuna msiba. Keshokutwa atashuka."

Mpimaji akauliza kutoka kwenye darubini yake, mwenyewe ni nani. Nikamjibu kwa Kijerumani kwamba anayelima anasema si lake.

"Andika," akasema.

Nikaandika: Mwenyewe hakuna. Anayelima amekana.

Ninyi mliozaliwa mjini huenda hamwoni kosa liko wapi, nami nitawaeleza. Kwa Waluguru ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo, na ukoo unafuata mama. Mwanamke hupokea shamba kwa mama yake, naye kwa mama yake. Mume anayekuja kuoa hulima, hula, huzeeka pale, lakini akisema "shamba langu" amewatukana wakwe zake. Mzee Lukwele alijibu kwa adabu, kama mume yeyote mwema angejibu. Na kichaka kile cha pembeni hakikuachwa kwa uvivu. Ndimo walimozikwa mama za Bi Zena, na ndimo ukoo ulimofanyia tambiko.

Wala msinitetee mkisema sikujua. Mama yangu alikuwa Mluguru wa Matombo. Jambo hilo nililijua kabla sijajua kuhesabu. Masikio yangu yalimwelewa mzee palepale, na ndiyo maana niliuliza Bi Zena yuko wapi. Ila karatasi iliuliza kuhusu mtu aliyesimama pale, mpimaji hakupenda kungoja hata chai, na sifa ya asubuhi ilikuwa bado inanilevya. Kusema, "Bwana, tungoje siku mbili, mwenyewe ni mwanamke na amekwenda msibani," kulikuwa maneno kumi tu. Nimeyahesabu mara nyingi baadaye. Nikajiambia kwamba kutakuwa na tangazo, na mwenye haki atasikia.

Tangazo lilikuja kweli, na mwandishi wake alikuwa mimi. Lilisema viwanja namba nne, sita na saba, kama vilivyochorwa katika ramani, vimeonekana havina wenyewe, na mwenye madai afike bomani kabla ya mwezi kwisha. Nikamsomea Masanja mara tatu. Mara ya tatu akanikatiza.

"Namba saba ndiyo ipi, karani?"

"La mtoni, anakolima Mzee Lukwele."

"La Bi Zena? Basi niseme la Bi Zena, watu wajue."

"Sema kilichoandikwa, Masanja. Hapana jina la Bi Zena katika ramani."

Nilikwenda sokoni mwenyewe kumsikiliza, kama nilivyozoea. Bi Zena alikuwa amekaa mahali pake, na maharage katika ungo na mikungu miwili ya ndizi. Masanja akapiga pembe, akatangaza. Nne, sita na saba. Hakuongeza hata neno moja.

"Mtani!" Bi Zena akamwita. Wanyamwezi na Waluguru wanataniana, na wawili hao hawakupitana siku moja bila kurushiana. "Mtani, hizo namba zenu huliwa na chumvi au hivihivi?"

"Huliwa na wenye meno, mtani wangu. Wewe pukuchua maharage."

"Meno unayasema wewe? Yako uliyaangusha njiani toka Tabora, ukafika hapa na pembe tu!"

Soko likacheka. Masanja naye akacheka, kisha akanitazama. Pembe ilikuwa bado iko mkononi mwake, nusu imeinuliwa, na macho yake yalikuwa yananiuliza. Nikatikisa kichwa. Akaishusha, akaenda kutangaza upande wa wachinjaji.

Bi Zena akaendelea kupima maharage. Alikuwa amelisikia tangazo la shamba lake kwa masikio yake mawili, mchana kweupe, kutoka kwa mtani wake, na hakuwa ameambiwa kitu. Kama mnataka kujua habari iliyoandikwa sawasawa inaweza kuwa na ubaya gani, ni huo. Kila neno lilikuwa la kweli. Tangu hapo sikubandika tena namba bila jina ambalo watu wa mahali wenyewe wanaliita, hata nilipogombezwa kwa kuharibu nafasi ya karatasi. Nanyi fanyeni hivyo. Andika kwanza jina la mto, jina la mti, jina la bibi anayekaa pale, ndipo uweke namba.

Mwezi ukaisha, mawe ya mpaka yakapandwa. Siku ya pili yake Bi Zena akaja bomani na kaka yake mkubwa, aliyekuwa mkuu wa lukolo lao. Askari akasema aingie mlalamikaji peke yake. Kaka akabaki nje barazani. Ndani kulikuwa na bwana shauri, Mwalimu Sefu mezani pake, na mimi nimesimama kati ya bwana shauri na Bi Zena, maana siku ile zamu ya kutafsiri ilikuwa yangu.

"Nani kasema shamba la mama zangu halina mwenyewe?" akauliza Bi Zena.

Bwana shauri akafungua jalada akausoma mstari ule. Nikamtafsiria Bi Zena maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe. Mzee alisema si lake.

"Alisema kweli," akasema. "Angesema ni lake ningemwuliza kalipata kwa mama gani."

Hilo nilitafsiri vizuri. Bwana shauri alielewa tu kwamba pana desturi fulani. Akakunja uso, akauliza kwa nini basi mtu huyu hakuja mwezi mzima, na je, hapana mtu aliyeijua desturi hii siku ya kupima? Nikamwuliza Bi Zena kwa nini hakuja mapema. Nusu ya pili ya swali sikuitafsiri.

Bi Zena akanigeukia mimi, akamwacha mzungu kama hayupo. "Wewe karani, mama yako si wa Matombo? Tunamjua. Mweleze huyu shamba ni la nani kwetu, na kwamba mume akisema si lake amesema kwa adabu. Na umwambie sitaki pengine. Waliozikwa pale siwezi kuwahamisha kwa kikapu."

"Anasema nini?" akauliza bwana shauri.

Hapo, wanangu, ndipo ilipokuwa kazi yangu yote. Kutafsiri maneno yale kama yalivyo kulikuwa kusema kwamba nilijua. Mtu wa kwanza ambaye bwana shauri angemtazama baada ya hapo ni mimi, na safu ya mwisho ya karatasi zote nilizoandika ingechunguzwa upya.

Nikasema kwa Kijerumani, "Anaomba apewe mahali pengine badala ya pale."

Uso wa bwana shauri ukakunjuka. Ombi la namna hiyo aliliweza. Akaandika Bi Zena apewe kiwanja njia ya kwenda Kingolwira, ng'ambo ya reli. Nikamwambia Bi Zena atapewa kiwanja kingine.

"Mimi sikuomba."

"Ndivyo alivyoamua, mama."

Akanitazama kwa muda, kisha akamtazama mzungu, akatoka. Aliamini ni mzungu aliyekataa kumsikia. Kalamu ya Mwalimu Sefu ilikuwa imesimama. Sikugeuka kumtazama, lakini nilikuwa nimeizoea sauti yake kwenye karatasi, na ilikuwa imenyamaza.

Mchana alinikuta nyuma ya boma ninanawa mikono.

"Rajabu, mimi nimezeeka kwa Kijerumani," akasema.

Nikaendelea kunawa.

"Bwana shauri bado yumo ndani. Rudi ukaseme. Mlango uko wazi."

"Kesho, mwalimu."

Kesho yake bwana shauri alipanda punda kwenda kuzungukia nchi, akakaa wiki mbili. Aliporudi nilikuwa nimekwisha kuzoea. Mtu huzoea upesi kuliko mnavyodhani. Mwalimu Sefu naye hakusema. Alikuwa na watoto wengi na miaka michache ya kazi iliyobaki, nami simhukumu. Ila toka siku ile hakusoma tena habari zangu. Nilizileta mezani pake kama kawaida, akazitia muhuri bila kuvaa miwani.

Barua yangu ya mwezi ule ilikuwa nzuri. Niliandika kwamba mji wetu unaendelea, barabara zinanyooka, na mahali palipokuwa pori kando ya mto patajengwa maghala ya biashara. Gazeti likaipiga chapa nzima. Watu walinipongeza njiani. Nililisoma mara mbili, na mara zote mbili macho yaliruka neno "pori". Nilizoea kulikata jina langu kila lilipotoka. Toleo lile sikulikata.

Vita vikaja, Mjerumani akaondoka, majalada yakahamishwa. Waingereza wakanichukua kwa kuwa nilijua majalada yalipo. Nilifanya kazi miaka mingi tena, na nyingi ya habari zangu zilikuwa za kweli. Hamnijui kwa jambo lile la Bi Zena. Mnanijua kwa gundi.

Nilipoacha kazi, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumtafuta. Nilidhani nakwenda kuomba radhi kwa shamba. Nikaambiwa yu hai, mjane, anaishi juu mlimani kwa watu wa lukolo lake. Nikapanda asubuhi, nikipumzika mara nyingi kuliko zamani. Nilimkuta anachambua maharage mlangoni. Alikuwa amepungua mwili, lakini ulimi ulikuwa uleule.

"Karani," akasema kabla sijaamkia. "Leo umekuja kunipima?"

Nikakaa chini, nikamweleza. Nilimwambia alilosema yeye, na nililosema mimi kwa Kijerumani. Nilitazamia atakasirika. Aliacha kuchambua, mikono ikatulia katika ungo.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Kwamba mimi ndiye niliyeomba pengine?"

"Ndivyo nilivyosema. Na ndivyo ilivyoandikwa."

Ndipo akanieleza lililotokea nje ya jalada, ambalo mimi sikupata kulijua. Jumbe alikuja kwa kaka yake na karatasi ya boma, akaisoma mbele ya wazee: mwanamke Zena ameomba kiwanja kingine badala ya kile, naye amekubaliwa. Bi Zena aliapa kwamba hakuomba. Kaka yake alimwuliza, "Karatasi ya serikali ikudanganyie nini wewe?" Na Bi Zena, kwa shida ya njaa, alikuwa amekwisha kulima msimu mmoja kule njia ya Kingolwira. Ikawa ndiyo ushahidi. Lukolo likaamini kwamba alibadilisha makaburi ya mama zao kwa kipande cha changarawe. Hawakumfukuza. Walimpa pa kulala na pa kulima. Lakini palipokaliwa kwa mambo ya ukoo, mahali pake palikuwa mlangoni, na wageni na wakwe, na neno lake halikuulizwa. Kaka yake hakumwamkia tena mpaka anakufa.

"Alikufa lini?" nikauliza.

"Mwaka juzi."

Alichukua ungo akauweka kando, akajifunga kanga vizuri.

"Inuka, karani. Waliobaki wana masikio."

Aliwaita yeye mwenyewe. Walikuja wanane, wakakaa ndani juu ya mikeka, mkuu wao sasa ni mpwa wa yule kaka kwa dada yao mwingine, mtu wa makamo. Bi Zena akakaa mlangoni. Mimi nikasimama, wakaniambia nikae, nikakataa. Nilisema yote tangu shamba la Mzee Lukwele mpaka chumba cha bwana shauri. Wakataka wayasikie maneno yenyewe kwa Kijerumani, nikayasema. Yalikuwa mafupi mno. Bibi mmoja mzee aliuliza kama ni hayo tu.

"Ni hayo tu, bibi."

"Hayo tu," akarudia, akiyapima.

Mkuu wao aliniuliza kama naweza kulirudisha shamba. Nikasema siwezi. Pana maghala, na maghala yameuzwa mara mbili, na kichaka kilikatwa siku nyingi. Akauliza tena kama naweza kuandika haya niliyoyasema na kutia jina langu. Nikasema naweza. Basi nimeandika, na nakala moja iko kwao.

Bibi yule mzee akasogea kwenye mkeka wa mbele, pale wanapokaa mama za ukoo, akaacha nafasi, akaipigapiga kwa kiganja.

"Zena, mwanangu, njoo huku."

Wote tukamgeukia. Bi Zena alikuwa ameegemea mwimo, miguu ameinyoosha nje kwenye jua. Aliitazama nafasi ile.

"Kaeni tu, mama," akasema. "Nimekwisha kuzoea hapa. Pana hewa."